Koti la Kitwe

Mwanamume wa Tukuyu anaweza kushinda na kikombe kimoja cha chai na ndizi mbili za kuchemsha, wala hutasikia akilalamika. Lakini mwambie aende kanisani na koti lenye kiraka, uone. Atakwambia mgongo unamuuma. Atakwambia ng'ombe kapotea. Ibada nzima itakwisha yeye yuko migombani anasikiliza kwaya kwa mbali, na jioni atawauliza wenzake mahubiri yalihusu nini.

Ndiyo maana Fundi Mrisho, kwa miaka zaidi ya thelathini aliyokaa na cherehani yake kibarazani pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, alikuwa na wateja wa aina mbili. Wa mbele walimletea suruali za kupunguza na sketi za shule, mchana kweupe, huku wakipiga soga. Wa nyuma hawakufika kibarazani kabisa. Hao walizunguka nyumbani kwake kupitia migombani, wakagonga dirisha la jiko la mkewe, Biubwa, na kifurushi kimeviringishwa gazeti kwapani.

"Mama Rehana, fundi yupo? Nina kikoti changu hapa."

"Cha kugeuza?"

"Shh! Mama, taratibu basi."

Kugeuza ndiko kulikomjengea Mrisho jina, jina lenyewe likiwa la kunong'onezwa. Koti la sufu likipauka, likitoka mng'aro viwikoni na mgongoni, fundi wa kawaida hulitupia macho akasema limekwisha. Mrisho alilifumua lote, mshono kwa mshono, akabaki na vipande mezani kama nyama ya sikukuu, kisha akavigeuza ndani nje na kuushona upya mwili mzima. Upande ambao haujaonja jua tangu kiwandani ndio uliotazama watu. Ukimpa koti la miaka kumi, unapewa koti la jana.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mfuko wa kifuani, ule mdogo wa leso, hukaa kushoto. Ukigeuza koti, unahamia kulia. Matundu ya vifungo unaweza kuyafunika kwa kushonea vifungo juu yake, lakini mpasuo wa mfuko huwezi kuufunika kwa kitu. Unatakiwa uzibwe kwa kutililia, uzi kwa uzi, kwa nyuzi laini za rangi ile ile, na miaka ile ya themanini na tatu, watu walipokuwa wanapanga foleni ya sabuni, hata uzi wa kushonea gunia ulikuwa wa kutafuta kwa mwenye nao. Mrisho akauacha mfuko ulipoangukia.

Wa kwanza kuuvaa mfuko wa kulia alikuwa Mzee Ambilikile, mzee wa kanisa kutoka Mpuguso, mtu mrefu, mkulima wa chai, mwenye sauti ya kukemea mvua. Koti lake la kijivu alilinunua Mbeya mwaka sabini na nne. Siku alipolivaa limegeuzwa, muumini mmoja mwenye macho makali alimuuliza mbona mfuko uko upande huo. Mzee Ambilikile hakupepesa.

"Hujui? Ndiyo mtindo wa Kitwe sasa. Kaniletea Anyelwisye."

Anyelwisye ni mwanawe wa pekee, aliyekwenda Kitwe, Zambia, kufanya kazi migodini mwaka themanini na moja. Kitu Mrisho alichokijua, na hakuna mwingine aliyekijua isipokuwa Mungu na baba mtu, ni kwamba tangu aende hajaleta koti, hajaleta leso, hajaleta barua. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwambia, akiwa amesimama jikoni kwa Biubwa amenyoosha mikono apimwe. Hakuulizwa. Mtu akiwa na pini sita mwilini hulegea, akasema mambo.

Basi koti lile likawa na maisha marefu kuliko ya wengi wetu. Mwaka themanini na tisa Mrisho alilichovya rangi ya kahawia na kulipunguza kola: Anyelwisye kaleta koti la pili. Mwaka tisini na tano likachovywa jeusi, likapasuliwa mpasuo nyuma: Anyelwisye kaleta la tatu. Watu wakiuliza yale ya zamani yako wapi, mzee alishusha sauti kwa unyenyekevu. "Nimewapa wahitaji." Kwa hiyo kwa koti moja tu Mzee Ambilikile alijipatia sifa mbili, ya kuzaa na ya kutoa, na katika nyumba nyingi akina mama wakawa wanawachapa watoto wao wakiwaambia, "Kwa nini usiwe kama Anyelwisye?"

Mtindo ukaenea. Kila aliyegeuziwa koti kwa siri alijua kwamba la kwake limegeuzwa, ila ya wenzake aliyaona ni ya Kitwe kweli. Kila mmoja akaringa kivyake. Kufika miaka ya tisini, soko limefunguliwa na maduka yamejaa, vijana walikuwa wakinunua makoti mapya kabisa Mbeya na kumletea Mrisho kibarazani, mchana, awahamishie mfuko kwenda kulia. "Fundi, mfuko wa kushoto ni wa kizee." Mrisho aliuhamisha, na wala hakufungua mdomo. Siku ya kwanza alipomsimulia Biubwa, mama wa watu alicheka mpaka ugali ukaungua.

Sasa, kicheko hicho kilikoma mwaka tisini na tisa, mwezi wa Juni, kwa sababu ya Hasheem.

Hasheem alikuwa mtoto wa rafiki yake Mrisho, marehemu, ambaye ndiye aliyemkaribisha kibarazani enzi hizo duka likiuza chumvi na kandambili. Mtoto aliporithi duka, upepo wa biashara huria ulimkuta ameshatanua tanga. Alileta mitumba. Ikaja kwa belo, belo zikajaa ndani, zikajaa uani, zikaanza kutazama kibaraza.

"Ami," alisema asubuhi moja, amesimama na funguo mkononi, "mwisho wa mwezi ujao nitakihitaji kibaraza. Belo zinanyeshewa."

Tukuyu mvua haina adabu, hilo halina ubishi. Mrisho aliinua mguu kwenye kanyagio.

"Na mimi nikinyeshewa?"

"Wewe utakauka, Ami. Belo likilowa linaoza."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Mrisho zaidi, kwamba kijana alikuwa anaeleza jambo la kweli kwa upole kabisa. Fundi asiye na kibaraza ni mzee mwenye cherehani. Wateja wa mbele hawatamfuata migombani, na wale wa nyuma pekee hawalishi nyumba, maana koti la kugeuza huja mara moja kwa miaka sita. Alikuwa na miaka sitini na minne. Siku nzima ile alishona mguu mmoja wa suruali mrefu kuliko mwenzake.

Wiki mbili baadaye likaja gari jeupe lenye bango. Lilikuwa la mradi kutoka Dar es Salaam, jina lake Vazi Rafiki, na aliyeshuka ni binti aliyeitwa Lilian, baba yake wa Kiwira lakini yeye kazaliwa na kukulia huko huko Dar. Binti mzuri, mwenye moyo safi, aliyekuwa na huzuni kubwa juu ya nguo. Alipita maduka yote akitangaza semina: dunia inajaa takataka za mavazi, viwanda vinakunywa maji ya mito, na wakati umefika wananchi wa Rungwe waelimishwe kutumia nguo zaidi ya mara moja. Kutakuwa na shindano. Fundi atakayeleta vazi bora kuliko yote lililotengenezwa kutokana na la zamani atapewa banda jipya la biashara, la mbao na bati, karibu na soko, liwe lake.

Mrisho aliposikia neno banda, alikanyaga cherehani bila uzi kwa muda mrefu.

Biubwa alilimaliza jambo hilo kabla maji ya chai hayajachemka. "Koti la Mzee Ambilikile," alisema. "Likisimama pale mbele na historia yake, banda ni letu. Hakuna fundi kuanzia hapa mpaka Kyela mwenye kazi kama ile."

"Si langu."

"Sikusema uliibe, Baba Rehana. Nimesema ulitaje."

"Kulitaja ndiko kuliiba."

Biubwa alimtazama mumewe. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu kali, maana yeye ndiye atakayepika bila mboga kibaraza kikiondoka. Akalimeza. "Basi peleka la kwako, lile la khaki. Nalo uliligeuza vizuri."

Siku ya semina ukumbi ulijaa, na msidhani ni kwa mapenzi ya mazingira. Ilikuwa imevuma kwamba kuna fulana. Kweli zilikuwepo, mia mbili, mpya kabisa, za nailoni, kila moja imefungwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, zimeandikwa kifuani USITUPE, TUMIA TENA. Kufika saa nne mifuko ya plastiki ilikuwa inapeperuka uwanjani hadi kwenye shamba la chai la jirani.

Kwenye meza kuu alikaa Lilian na wageni, na katikati yao Mzee Ambilikile ndani ya koti lake jeusi, kaombwa afungue kwa sala. Alisali vizuri. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa chai, na kwa wana wanaowakumbuka baba zao wakiwa mbali. Mrisho, ambaye hakuwa wa dini ile, aliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Kisha Lilian akafundisha. Alinyanyua kanga mpya na kuuliza, "Je, mnajua kwamba nguo moja inaweza kutumika zaidi ya mara moja?"

Mama mmoja muuza ndizi, anaitwa Elina, akanyoosha mkono. "Mara ngapi, mwanangu?"

"Hata mara tatu, mama!"

Elina akamwonea huruma. Kanga aliyojifunga siku hiyo ilikuwa vazi lake la harusi, ikawa mbeleko ya watoto watano, ikapasuliwa nusu kuwa winda, na nusu iliyobaki ndiyo hiyo kiunoni, na ikitoka hapo kuna sakafu inaingoja. Lakini mgeni ni mgeni. "Asante kwa elimu," akasema, akakaa, akaikunja fulana yake vizuri.

Shindano likaanza. Fundi mmoja wa Kiwira alileta mfuko wa kushonwa kwa magunia. Esnath, fundi wa kike wa mtaa wa pili, alileta zulia la vitambaa, zuri, lakini ncha moja lilishafumuka njiani. Wengine wakaleta aproni zenye maua. Mrisho alikuwa wa mwisho. Alivua koti lake la khaki, akaliweka mezani, akarudi hatua moja nyuma kama mtu aliyeweka mtoto kwenye mizani ya kliniki.

Lilian alilishika. Akalitazama nje, akalitazama ndani, akainua bitana, akavuta mshono. Masikitiko yakamwingia usoni.

"Babu, hili ni jipya."

"Ni la mwaka themanini na moja, binti yangu."

"Babu, mimi nimesomea mavazi. Kitambaa hakijapauka, kola haijalika. Naomba radhi, shindano ni la nguo za zamani." Kisha, kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, akainamia meza. "Labda una alama yoyote ya kuonyesha kwamba lilikuwa la zamani? Hata moja tu. Kazi yenyewe ni nzuri mno, nitakupa banda saa hii hii."

Alama! Ilikuwa pale pale chini ya kidole chake, upande wa kulia wa kifua, yenye urefu wa kijiti cha kiberiti mara mbili. Ilibaki Mrisho aseme maneno matano.

Akainua macho ukumbini. Akamwona mwalimu mstaafu, mfuko kulia. Akamwona mwenye hoteli, mfuko kulia. Ezron wa duka la dawa, aliyekaa bega kwa bega na mkewe, mfuko kulia na leso nyeupe ndani yake. Wazee wa kanisa wawili, mfuko kulia. Wote walikuwa wanamtazama kwa jicho la mtu anayemwona ng'ombe wake akielekea shamba la jirani. Na pale mezani, Mzee Ambilikile alikuwa anatazama glasi ya maji.

Mrisho alifikiria kibaraza, akafikiria mvua, akamfikiria Biubwa. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Ilimuuma kama jino.

"Alama haipo, binti yangu," akasema, akaanza kulikunja koti.

"Ipo."

Sauti ile ya kukemea mvua. Mzee Ambilikile alikuwa amesimama, na mkono umeshika ukingo wa meza.

"Alama ipo, binti. Fundi ananisitiri mimi. Ugonile, Fundi," akasema, akimsalimia Mrisho kwa lugha ya nyumbani kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Akafungua vifungo, kimoja, cha pili, cha tatu, akavua koti jeusi, akaliweka mezani juu ya lile la khaki. "Tazama. Mfuko uko kulia. Ukiona mfuko uko kulia, koti hilo limegeuzwa. Hakuna mtindo wa Kitwe. Hili nililinunua Mbeya mwaka sabini na nne, lilikuwa la kijivu. Yale ya kijivu na ya kahawia niliyosema nimewapa maskini ni hili hili. Sikumpa mtu. Na Anyelwisye hajaniletea hata kifungo. Miaka kumi na minane, hajaniletea barua."

Alipovua koti, shati lake lilionekana mgongoni. Lilikuwa na viraka vitatu, kila kimoja na rangi yake. Mrisho alimwonea uchungu mpaka akatamani amfunike.

Mzee wa watu alidhani amejivua nguo peke yake. Hakujua. Ukumbini kote kukasikika mtikisiko mdogo, wa viti na pumzi, na mikono ya wanaume, mmoja baada ya mwingine, ikaanza kupanda kifuani upande wa kulia. Huyu anajikuna. Yule anatafuta kalamu. Mwalimu mstaafu alishika mfuko wake kwa viganja vyote viwili kama mtu mwenye kiungulia.

"Ezron," ikasikika sauti ya mkewe, wala haikuwa ya chini. "Si uliniambia umelitoa dukani Mbeya?"

Hapo ukumbi ukapasuka. Walicheka wanawake kwanza, kisha vijana, hadi wakakumbuka makoti yao mapya waliyohamishiwa mifuko, nao wakashika kulia. Lilian alikuwa analia kwa furaha na kupiga picha: jamii nzima, alisema, jamii nzima inayoishi kwa urafiki na mazingira kimyakimya! Akataka wote wenye mfuko wa kulia wasimame mbele wapigwe picha ya pamoja. Kwa dakika tatu mlango wa ukumbi ulikuwa mwembamba kuliko watu waliotaka kutoka.

Mzee Ambilikile hakucheka. Alichukua koti lake, hakulivaa, akatoka mvuani na viraka vyake vitatu.

Banda Mrisho alilipata. Lilipakwa kijani, likawekwa karibu na soko, na juu yake mradi ukapigilia bango lenye herufi ambazo hata kipofu angezihisi: KITUO CHA NGUO KUUKUU ZINAZOTUMIKA TENA. Mrisho akaingiza cherehani, akaingiza pasi ya mkaa, akakaa. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili, hakuja mtu. Hata wa sketi za shule walipita mbali, maana nani ataingia chini ya maneno yale watu wakimwona? Wiki ya nne Mrisho akachukua nyundo, akang'oa mbao mbili za ukuta wa nyuma, upande wa migombani. Kabla ya saa sita alishapata wateja wanne.

Walikuja na ombi moja wote. Uzi sasa ulikuwepo madukani wa kila rangi. Basi wazibiwe mfuko wa kulia, wafunguliwe wa kushoto. Mrisho akatililia usiku na mchana, akawa na kazi kuliko enzi yoyote ya maisha yake. Hasheem mwenyewe alipita nyuma siku moja. Koti la harusi yake, alilohamishiwa mfuko likiwa jipya, mkewe alikuwa halitaki ndani ya nyumba.

Mteja mmoja tu hakurudi. Mzee Ambilikile alikuwa anakwenda kanisani na sweta, anakaa benchi la nyuma. Walipomwomba asome somo, alisema macho yana ukungu.

Zikapita Noeli na Pasaka. Wiki moja kabla ya Noeli iliyofuata, mlango wa mbele wa banda, ule ambao bawaba zake zilikuwa zinaota kutu, ukafunguliwa. Aliingia Mzee Ambilikile, na kifurushi mkononi, hakikuviringishwa gazeti.

"Ugonile, Fundi."

"Ndaga, Mzee. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alifungua kifurushi juu ya meza. Ndani kulikuwa na koti la bluu nzito, la sufu, limepigwa pasi likasimama, na mfuko wa kifuani upo kushoto, mahali pake.

"Kaniletea Anyelwisye."

Mrisho hakujibu upesi.

"Ndiyo, hata wewe unanyamaza!" Mzee alipiga meza. "Kweli kaleta! Habari za ule ukumbi zilifika mpaka Kitwe, kuna watu wetu kule. Kaandika barua. Anasema baba, nisamehe, nilikuwa natafuta maisha. Anasema mgodi unamlipa vizuri, amepewa cheo, kaninunulia dukani, jipya. Jumapili nimelivaa. Nimesimama mbele ya kanisa nikasema, jamani, koti hili ameniletea mwanangu. Walicheka, Fundi. Mchungaji naye kainamisha kichwa anacheka. Wanasema, Fundi Mrisho sasa kawa bingwa, na mfuko umerudi kushoto. Miaka yote ile nilidanganya, wakaniamini."

"Pole, Mzee."

"Sitaki pole. Likague. Wewe ndiwe unayejua. Kisha toka hapo mlangoni uwaambie."

Mrisho akavaa miwani. Akalilaza koti chali, akaanza na kola, akaja mabegani, akapitisha kidole gumba kifuani, polepole, kama alivyofanya na maelfu. Upande wa kushoto, sawa. Akaja upande wa kulia, na kidole kikasimama.

Jicho lisingeona. Jicho la Lilian lililosomea mavazi lisingeona. Lakini chini ya ngozi ya kidole palikuwa na mstari, urefu wa vijiti viwili vya kiberiti, mpasuo uliozibwa kwa kutililiwa uzi kwa uzi, kwa mkono wenye subira mno. Akapitisha tena. Akageuza pindo, akaona kule ndani, kwenye giza la mshono, kitambaa kilivyopauka. Huko Kitwe kulikuwa na fundi, na alikuwa fundi hasa. Na kulikuwa na mtoto wa mtu aliyempelekea koti kuukuu, pengine kwa mlango wa nyuma, akasimama amenyoosha mikono akafikiria kipimo cha baba yake.

"Enhe?" alisema Mzee Ambilikile. Alikuwa anamtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari. "Ni jipya?"

Mrisho alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Jipya, Mzee," akasema. "Jipya kabisa."

Mzee akavuta pumzi, akamshika mkono, akamburuta hadi mlango wa mbele, chini ya bango. Elina alikuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani.

"Gwe Elina! Njoo usikie! Fundi amekagua, anasema koti ni jipya. Sema, Fundi!"

"Ni jipya," alisema Mrisho.

Elina alimtazama Mrisho, akamtazama mzee, akacheka kwa mapenzi kabisa mpaka mkungu ukayumba. "Huyu? Huyu hata umchome kwa pasi yake mwenyewe hasemi! Fundi, Mungu akuweke, wewe ndiye wa kusitiri watu." Akaenda zake anacheka, na aliowapita njiani akawaambia.

Mzee Ambilikile alibaki ameshika koti.

"Hawatasadiki," alisema.

"Hawatasadiki, Mzee."

"Lakini kaleta. Mwanangu kaleta."

"Kaleta," alisema Mrisho. "Hilo naapa, Mzee, popote utakaponipeleka. Mwanao amekuletea koti."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akalivaa koti pale pale, akafunga vifungo vyote vitatu. Lilimkaa sawasawa begani. Mrisho akamlainishia kola kwa nyuma na kumpangusa kifuani, upande wa kulia, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.